SEVA CHAKAVU KWA BEI YA BATI: JE, NI HALALI?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba zake na kila aliyeufuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, swali tunalolijibu mwezi huu limeletwa kwetu na vijana wa misikiti yetu ya Katesh na Mbulu mjini wanaojitafutia riziki kwa kununua vyuma chakavu. Kazi yao ni ya halali na tunawaombea baraka ndani yake. Chuma wanakijua: plau zilizovunjika, rimu za magari, injini zilizokufa, mabati yaliyoliwa na kutu, masufuria yaliyotoboka. Hivi karibuni wameanza kuitwa kwenye shule, zahanati na maofisi kuchukua mzigo wa namna nyingine. Ni seva, yaani zile kompyuta nzito zinazokaa katika chumba cha peke yake, bapa kama masanduku, ambazo kazi yake ni kuhifadhi kumbukumbu za taasisi nzima na kuzihudumia kompyuta nyingine zote. Zikichakaa au zikipitwa na wakati hutolewa nje, na mnunuzi huitwa azipime kwa kilo na kuzibeba.

Wanauliza: tuzinunue kwa bei gani? Swali hilo peke yake lingejibiwa kwa mistari michache. Lakini mmoja wao aliongeza jingine, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Alisema: anayeuza hajui kilichomo ndani, yeye anaona bati tu, na isitoshe, si Muislamu. Je, tunawajibika kumwambia?

Jibu letu ni kwamba tunawajibika, na kwamba bei ya seva nzima kwa kiwango cha bati, ikiwa mnunuzi anajua kilichomo na muuzaji hajui, ni dhulma hata kama muuzaji ametia saini na kushukuru. Tutaleta dalili zake. Lakini tutaanza na seva yenyewe, kwa sababu hukumu ya kitu hufuata kukifahamu, na kumwambia mtu afanye uadilifu bila kumwonyesha mizani ni kumwachia njiani.

Seva ya kawaida ya ofisini huweza kuwa na uzito wa kilo kumi na tano, ishirini, hata thelathini. Sehemu kubwa ya uzito huo ni sanduku la chuma. Ndani yake mna vipande vizito vya aluminiamu vilivyowekwa kupoza joto, na baadhi vina shaba. Mna pawa saplai, mara nyingi mbili, zenye nyaya za shaba. Mna feni. Mna hadi diski kadhaa, ambazo ndizo zinazobeba kumbukumbu. Na mna bodi kubwa ya kijani, ambayo mafundi wetu huiita mazabodi, pamoja na prosesa na kadi za ramu zilizochomekwa juu yake. Meno ya kadi hizo yanayong'aa rangi ya manjano yamepakwa dhahabu ya kweli, nyembamba kuliko utando wa buibui, kwa sababu dhahabu haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri.

Hapo ndipo uvumi unapoingia, na hatuna budi kuukata. Wako wanaosema kila seva ina dhahabu ya kutosha pete ya harusi. Si kweli. Wataalamu hukadiria kwamba tani nzima ya bodi za kompyuta inaweza kuwa na dhahabu ya gramu mia mbili hivi. Kiasi hicho ni kikubwa mno kikilinganishwa na mawe ya mgodini, ambayo mara nyingi tani yake hutoa gramu chache tu, lakini gawanya kwa kilo elfu moja na utaona kilo moja ya bodi ina sehemu ya tano ya gramu. Seva yenye kilo mbili na nusu za bodi ina nusu gramu. Na hiyo nusu gramu haitoki kwa nyundo. Hutolewa katika viwanda vikubwa vya kuyeyusha, kama kile cha Umicore kilichopo Hoboken nchini Ubelgiji, na baina ya kijana wa Katesh na tanuri la Hoboken ipo mikono mingi, kila mmoja ukitaka fungu lake. Mnunuzi wa wilayani haiuzi dhahabu. Anauza bodi kwa kilo kwa tajiri wa Arusha au Dar es Salaam, na tajiri naye huikusanya kwa wengine. Kwa hiyo haki anayodaiwa mwenye seva ni haki ya bei ya bodi inayojulikana sokoni. Si haki ya dhahabu ya kufikirika.

Tuchukue mfano. Bei tutakazozitaja ni za kufundishia hesabu tu, kwani bei za soko hupanda na kushuka na kila mnunuzi huzijua za wiki yake. Seva ina kilo 25. Chuma kinanunuliwa Sh. 600 kwa kilo. Mnunuzi akiipima nzima kama chuma atalipa Sh. 15,000. Sasa aifungue. Chuma kilo 15 kwa Sh. 600 ni Sh. 9,000. Aluminiamu kilo 2 kwa Sh. 3,000 ni Sh. 6,000. Shaba na nyaya nusu kilo kwa Sh. 14,000 ni Sh. 7,000. Pawa saplai, feni na hadi diski kilo 5 kwa Sh. 2,000 ni Sh. 10,000. Bodi, prosesa na kadi kilo 2 na nusu kwa Sh. 10,000 ni Sh. 25,000. Jumla ni Sh. 57,000. Tazama: kilo 2 na nusu tu kati ya kilo 25 ndizo zilizobeba thamani kuliko vyote.

Hatusemi kwamba mnunuzi alipe Sh. 57,000. Yeye ana jasho lake la kufungua na kupambanua, ana nauli ya mzigo, ana kibali, ana hasara ya bodi zitakazokataliwa, na ana haki ya faida, kwani Mwenyezi Mungu amehalalisha biashara. Aliyewahi kupandisha gari kutoka Mbuyu wa Mjerumani hadi Mbulu na Haydom wakati wa masika anajua kwamba usafiri si neno la kuongezea tu katika hesabu. Tuseme atoe Sh. 22,000 kwa hayo yote, basi atalipa Sh. 35,000 na hatalaumika. Lakini tofauti ya Sh. 15,000 na Sh. 35,000 kwa seva moja, ikizidishwa kwa seva kumi za shule moja, ni Sh. 200,000 zilizohama kutoka mfuko wa shule kwenda mfuko wa mtu kwa sababu moja tu: mmoja alijua, mwingine hakujua.

Wakulima wa vitunguu swaumu wa Mbulu hawahitaji kufasiriwa jambo hili. Wao wanaijua lumbesa. Mnunuzi huja na gunia, hulijaza hadi mdomoni, kisha hulishonea nundu juu yake, na mwisho hulipa gunia moja. Serikali imeikataza, na Wakala wa Vipimo ulioanzishwa mwaka 2002 umekuwa ukipambana nayo miaka yote. Kila Muislamu wa wilaya hizi mbili tuliyemsikia akizungumzia lumbesa huizungumzia kwa hasira, na ana haki. Basi na atambue kwamba seva iliyopimwa nzima kwa bei ya bati ni lumbesa ile ile. Tofauti ni kwamba nundu ya gunia inaonekana na mwenye macho, na nundu ya seva imefungiwa ndani ya sanduku.

Wapo watakaosema: lakini ni mnada, na mnadani kila mtu na macho yake. Tunajibu kwamba mfano huo haufai. Nenda mnada wa ng'ombe wa Katesh umtazame Mbarabaig aliyeleta fahali wake. Yeye anamjua fahali huyo kuliko mnunuzi yeyote. Alimjua mama yake, anajua aliugua lini na alipona kwa dawa gani. Mnunuzi naye anamjua ng'ombe. Wanavutana bei wakiwa watu wawili wenye elimu moja, na anayezidiwa huwa amezidiwa kwa subira. Katika seva elimu yote iko upande mmoja. Mkuu wa shule au mhasibu wa zahanati hajawahi kusikia kwamba bodi ina bei yake. Hapo pana mwenye macho na aliyefungwa kitambaa, na huo si mnada.

Sasa tuzitazame dalili. Katika Suratul Mutaffifin, sura ya 83, Mwenyezi Mungu anawatishia adhabu wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kutimiziwa, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Kijana wetu akifika Arusha kuuza bodi zake husimama kidete: anataka kila aina ipimwe mbali, prosesa mbali, ramu mbali, na mazabodi mbali. Hakubali tajiri amwambie "weka zote hapo, tupime kama bati." Lakini yeye alipokuwa Katesh ndivyo alivyopima. Anajitimizia kwa mizani tano na kuwapunja wengine kwa mizani moja. Hatuoni sifa ya watu waliotajwa mwanzo wa sura ile ikimwacha.

Ipo pia hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim ya katazo la kuwalaki wapanda ngamia, nayo ni kama imeteremka kwa ajili ya wanunuzi wa vijijini. Mtume (s.a.w.) aliwakataza watu wa mji kutoka kwenda kuipokea misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakaijua bei. Na katika mapokezi ya Muslim ameeleza kwamba mwenye mali akishafika sokoni ana hiari ya kuivunja bei ile. Zingatieni: katazo halikumhusu mwizi wala mwenye kupunguza mizani. Lilimhusu mtu aliyelipa fedha taslimu kwa ridhaa ya muuzaji. Kosa lake ni kuutumia ujinga wa mwenzake kabla haujaondoka. Na mwenye seva wa Haydom au Basotu yuko mbali zaidi na soko la bodi kuliko bedui yule alivyokuwa mbali na soko la Madina, kwa sababu bedui alikuwa anaelekea huko, na huyu hatafika kamwe.

Wanazuoni walimpa jina mtu asiyejua bei akamtegemea mwenzake: walimwita mustarsil. Wafuasi wa Imam Ahmad wanampa hiari ya kurejesha akigundua kwamba amepunjwa kupita kawaida. Wengi wetu tumelelewa katika madhehebu ya Imam Shafi, na haki ya elimu inatulazimu kusema kwamba huko kupunjika kwa bei peke yake, bila hadaa, hakumpi muuzaji hiari ya kuvunja mauzo. Baadhi ya vijana wamekwisha kuishika kauli hiyo kama ngao. Tunawaambia kwamba kukaa kimya hakufanani na kusema uongo, hilo ni kweli, lakini mnunuzi anapoulizwa "hii ina nini ndani?" akajibu "bati tu, mzee," amekwishavuka kutoka kimya kwenda hadaa, na hakuna madhehebu yatakayompokea. Nasi hatujakutana na muuzaji ambaye hakuuliza.

Tena kuna lililo juu ya kuokoka tu. Jarir bin Abdillah Al-Bajali (r.a.) alikuwa amempa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Muislamu. Tabarani amepokea kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirham mia tatu, akamleta pamoja na mwenyewe ili alipwe. Jarir alimtazama farasi, akamwambia muuzaji kwamba mnyama wake anastahili zaidi, akaongeza mia, kisha mia, hadi akafika mia nane. Mnunuzi ndiye aliyekuwa akipandisha bei! Leo tukimsimulia mtu kisa hiki hutabasamu na kusema hao walikuwa Maswahaba. Sawa. Hatukuombi upandishe hadi mia nane. Tunakuomba usishuke chini ya unachokijua.

Hapa tunafika kwenye lile neno la kijana wetu kwamba muuzaji si Muislamu, na lazima tuseme wazi kwamba neno hilo lilituhuzunisha. Katika wilaya za Mbulu na Hanang sisi ni wachache. Majirani zetu Wairaqw na Wabarabaig wengi wao ni Wakristo au wanashika mila za wazee wao, na taasisi nyingi zitakazouza seva ni zao au ni za Serikali. Ikiwa uadilifu wetu unaishia mlangoni mwa msikiti, basi katika nchi hii tunayoishi hauna mahali pa kukanyaga. Aya za Mutaffifin hazikusema kupunja Waislamu, zimesema watu. Na katika Surat Aal Imran, aya ya 75, Mwenyezi Mungu anawalaumu baadhi ya watu wa Kitabu waliokuwa wakila amana kwa hoja kwamba hawana lawama kwa wasiosoma, wasiokuwa wenzao, na akaiita hoja hiyo kumzulia Mungu uongo. Inatisha kuona hoja iliyokaripiwa kwa wengine inakuja kukaa vinywani mwetu, na sisi ndio tunaoisoma aya hiyo.

Abdullah bin Rawaha (r.a.) ameacha jibu la vitendo, na ndani yake imo pia njia ya kukadiria bei. Mtume (s.a.w.) alimtuma Khaybar kukadiria tende zikiwa bado mitini, ili ijulikane fungu la Waislamu na fungu la Mayahudi waliokuwa wakiilima ardhi ile. Tende zilizo mtini hazipimiki kwa kibaba. Hukadiriwa kwa jicho la mjuzi, kama mafundi wetu wanavyoitazama seva iliyofungwa. Wenyeji walijaribu kumpa rushwa awapunguzie, akakataa, na akawajulisha kwamba kutowapenda hakutamfanya awadhulumu. Kisha alipokwisha kukadiria aliwapa hiari: mkitaka chukueni nyinyi kwa makadirio haya, na mkitaka nitachukua mimi kwa makadirio hayo hayo.

Ndugu mnunuzi, ifanye hiyo kuwa mizani yako pale ambapo seva haiwezi kufunguliwa mbele ya mwenyewe. Taja bei ambayo, lau mtu angekuambia "basi niuzie wewe seva kama hii kwa bei hiyo, baada ya kutoa gharama zako," ungekubali bila moyo kuuma. Ukiona moyo unauma, bei yako ina nundu.

Lakini lililo bora ni kuifungua. Bisibisi moja na nusu saa vinatosha. Fungua mbele ya muuzaji, panga kila aina mahali pake, pima kila aina kwa mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, andika kilo na bei ya kila moja kwenye karatasi mbili, kila mmoja abaki na yake. Na kabla ya kufungua, uliza kama bado inawaka. Seva inayofanya kazi si chakavu hata kidogo. Kadi zake za ramu na diski zake huuzwa kwa mafundi kama vipuri, kwa bei isiyo na uhusiano wowote na kilo. Anayeinunua kwa kilo huku akijua ataiuza ikiwa nzima amedhulumu mara mbili.

Limeulizwa pia suala la kuchukua mzigo mali kauli, yaani kulipa baada ya kurudi Arusha. Kwa chuma na aluminiamu hakuna shaka, madamu bei na muda vimejulikana. Kwa bodi pana jambo la kutazama, kwa sababu ya ile dhahabu. Fadhala bin Ubayd (r.a.) alinunua siku ya Khaybar mkufu wenye dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili, alipoupambanua akakuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari hizo, na Mtume (s.a.w.) akaelekeza kwamba kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kipambanuliwe. Hiyo ilikuwa dhahabu kwa dhahabu. Shilingi zetu ni jinsi nyingine, nayo Majlisi ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu iliyokutana Amman mwaka 1986 iliamua kwamba fedha za karatasi zina hukumu za fedha kamili katika riba na zaka. Hivyo usawa wa uzito hautakiwi, lakini kukabidhiana papo hapo kunatakiwa pale dhahabu yenyewe inapokuwa ndiyo inayonunuliwa. Je, bodi ni dhahabu au ni bidhaa iliyopakwa dhahabu? Wanazuoni wa zamani walihitilafiana juu ya mavumbi: Imam Malik aliruhusu kuuza mchanga wa machimbo kwa kisichokuwa jinsi yake na akakataza mavumbi ya karakana ya sonara, Imam Shafi alikataza yote mawili, na Hasan Al-Basri akaruhusu yote mawili. Sisi tunaona kwamba seva nzima, ambayo dhahabu yake ni kitu kidogo kinachofuata kingine, haiingii katika mlango huo. Ama meno ya kadi yaliyokatwa na kukusanywa kwa ajili ya dhahabu tu, hayo yalipwe taslimu, mkono kwa mkono. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.

Wauzaji nao hawakusamehewa. Kamati za misikiti na madrasa zetu zimepokea kompyuta kutoka kwa wafadhili, na nyingine ziliwekwa kuwa wakfu. Zikichakaa, mwenye kuzisimamia hana ruhusa ya kuzitoa kwa bei ya kwanza aliyotajiwa na mpitanjia, kwani anauza kisichokuwa chake. Na aulize angalau wanunuzi wawili au watatu. Mali ya Serikali ina taratibu zake za kufutwa na kuuzwa, na haiuzwi na mlinzi saa moja ya usiku. Mnunuzi asiyeonyeshwa barua na aondoke. Hadi diski zitolewe kabla ya mizani. Humo mna majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi na madeni ya watu. Hiyo ni amana, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ni suala la kisheria pia. Zitobolewe mbele ya mwenyewe kisha zilipwe kama chuma chakavu.

Juu ya kuchoma nyaya na kuloweka bodi katika tindikali uani ili kutafuta ile nusu gramu, tuna neno fupi: acheni. Moshi wake na maji yake vina sumu ya risasi na nyinginezo, na watoto wanaocheza uani ni wenu. Kanuni za taka za umeme na elektroniki za mwaka 2021 zimeweka utaratibu wa nani azishughulikie. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za namna hii mwaka 2022, na chini ya robo ndizo zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi. Hazitakwisha leo wala kesho. Hakuna sababu ya kuharakisha hadi kuua.

Linabaki la vijana waliotuletea swali. Walipokuwa wanaaga walituambia kwamba wamekwisha kuchukua seva nne kutoka shule moja ya sekondari kwa bei ya bati, na kwamba bodi zake bado ziko ndani ya gunia, hazijapelekwa Arusha. Tuliwauliza kama shule iliuliza kilichomo. Wakanyamaza. Tumewashauri wazipime upya, waandike hesabu kama tulivyoieleza hapa, watoe gharama zao bila kujionea haya, kisha wampelekee mkuu wa shule karatasi na tofauti yake, na wamweleze kwamba akitaka kuvunja mauzo na kurejeshewa mzigo wake wapo tayari. Mmoja aliuliza: akituona wezi je? Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nasi, ambaye baba yake alifika nyanda hizi kutoka Kondoa akiuza chumvi na nguo, akamjibu kwamba hajapata kumwona mwizi akirudi na karatasi ya hesabu. Wameahidi kwenda Jumatatu, Insha Allah, na msikiti umewaazima mizani.